Maji ya Mkono wa Kushoto

Morogoro,
Mwezi wa Mfungo Kenda, mwaka 1329

Kwa mama yangu mzazi, Bi Mwajuma, Bagamoyo.

Shikamoo mama. Barua hii ikukute umekaa ukumbini, miguu umeinyoosha, na kile kikohozi cha kipupwe kimekuachia. Mimi mwanao sijambo. Nakula, nalala, nafanya kazi, na lile jino lililokuwa likinisumbua nimeling'oa. Hofu yangu ni kwenu. Nisalimie shangazi, na majirani wote wanaoniulizia, hata wale wasioniulizia.

Na wewe Kibwana, binamu yangu, unayemsomea mama: nakujua. Barua ikiwa ndefu huruka katikati ukawahi mwisho, upate kwenda zako kucheza bao. Hii usiruke. Isome polepole, neno kwa neno, na ukifika mahali pagumu usipalainishe. Pagumu hapo nimepaweka mimi mwenyewe.

Mama, nilikwandikia zamani kwamba nimeacha kazi ya tangi la maji pale stesheni, na kwamba nimeingia kwa Bi Dolat, mjane wa Kihindi mwenye duka karibu na soko. Watu wa Kinole, kule milimani, wakishuka na ndizi na viungo, kwake ndiko wanakotua mizigo, maana hapunji na hapigi kelele. Huyu Bi Dolat ana magoti mabovu, na kisima cha uani kwake kimegeuka chumvi. Siku moja alikwenda stesheni kupokea mzigo, akaona bilula ninayoifungua na kuifunga, maji yanatoka na kukoma kama mtu aliyeambiwa nyamaza. Akaniuliza kama kitu kile kinaweza kukaa uani kwake. Nikamwambia kinaweza. Nilisema hivyo kwa majivuno, unavyonijua, bila kufikiri kuna nini kati ya kinaweza na kimekaa.

Usidhani hapa mtu huamka tu akatoboa ukuta akaingiza bomba. Mabomba yapo boma, na katika nyumba za Wazungu, basi. Mwingine akitaka, sharti apate cheti chenye muhuri wa tai. Na cheti hakiji mpaka kuwe na barua ya maombi, na ramani ya njia yote kwa vipimo, na chanzo cha maji ambacho si cha boma. Juu ya hayo yote, wenye maji huko mlimani waridhie, na ridhaa yao iandikwe na kutiwa kidole gumba. Sharti hili la mwisho lilikuja kwa sababu mlowezi mmoja aligeuza kijito bila kuuliza mtu, na watu wa mlimani wakashuka wote, wanawake na wazee, wakakaa mbele ya boma siku tatu bila kusema neno. Boma likaona heri kuuliza kwanza.

Mama, laiti ungemwona Bi Dolat katika jambo hili. Siku ya mashauri ni Jumanne. Kila Jumanne alipanda kilima cha boma kwa magoti yale, kigoda chake kidogo amekishika mwenyewe, akakaa mlangoni kwa karani Fransisko. Jumanne ya kwanza Fransisko akamwambia barua imeandikwa kwa kalamu ya risasi, inatakiwa wino. Jumanne ya pili wino upo, ramani haipo. Ya tatu ramani ipo, vipimo havipo. Mimi nilikuwa nafoka, nasema karani huyu ana lake jambo. Bi Dolat akanijibu kwamba karani hana lake jambo, ana kazi yake, na kwamba mlango unaofungwa kila siku walau unaonyesha ulipo. Basi nikachukua kamba, nikaifunga mafundo, nikapima kutoka uani kwake mpaka mlimani, jua kali mgongoni, nikachora upya. Jumanne ya sita Fransisko mwenyewe akamwekea kigoda kivulini. Jumanne ya tisa akamtolea maji ya kunywa. Mtu kumshinda karani kwa adabu! Sijapata kuona.

Mwisho ramani ikafika kwa Mzungu wa kazi za boma. Jina lake gumu, nasi humwita Bwana Pima kwa kuwa hapiti penye ukuta bila kuupima. Ni mkavu lakini haonei mtu. Akaitazama ramani yangu muda mrefu, kisha akasema kwamba akiona ridhaa ya wenye maji, na bomba likapitisha maji tangu alfajiri mpaka adhuhuri bila kiungo hata kimoja kudondosha, Bi Dolat atapata cheti chake, na mimi nitapata changu, cha kuweka mabomba katika nyumba za mji huu kwa jina langu mwenyewe. Likivuja, ataitwa fundi wa Kizungu kutoka Dar es Salaam, na mimi nirudi kwenye tangi. Mama, nilikuwa nimetimiza mwaka wa tisa nikishika spana za watu. Siku ile nilishuka kilima cha boma bila kuhisi ardhi.

Nikapanda mlimani kuomba maji.

Chemchemi yenyewe iko juu ya mji, mwendo wa asubuhi nzima, mahali ambapo ukungu unachelewa kuondoka. Mwenye kuilinda ni mwanamke mtu mzima, ambaye wote humwita Bibi wa Maji. Si jumbe wala si wa boma, lakini nimemwona jumbe akiinama anapopita mbele yake. Nilikwenda na sanduku langu la vyombo begani, lile nililoliandika kwa rangi nyekundu, Yunusi bin Maneno wa Bagamoyo, na ambalo Kibwana alilicheka akasema ni kubwa kuliko mwenyewe. Nikapiga magoti nikaamkia. Bibi akaitikia, akanitazama, akaniuliza mimi ni wa nani. Aliniuliza mara tatu. Nilimjibu mara tatu. Nilichomjibu nitakisema mahali pake.

Hakunipa maji wala hakuninyima. Akasema mwanzo wa kiangazi wanazibua mifereji, na kwao anayeomba maji huyafanyia kazi kwanza ndipo ombi lake likasikilizwa. Nikakaa siku nne. Mama, mimi nimefundishwa karakana ya reli, nikadhani nakwenda kuwaonyesha wao. Niliyoyaona yamenifunga mdomo. Wana mianzi iliyotobolewa ndani na kuunganishwa, inapita juu ya korongo ikibebwa na miti yenye panda, na haidondoshi. Mwanzi mwembamba unaingia ndani ya mnene, daima kuelekea chini, ili maji yenyewe yakaze kiungo badala ya kukifungua. Kila nyumba ina siku yake ya maji, hakuna daftari, na hakuna anayekosea. Na Bibi kila asubuhi hupita chini ya mianzi na kifuu cha majivu, ananyunyiza ardhini chini ya kila kiungo. Jioni anarudi. Tone moja tu likianguka, majivu yanamwonyesha, na mwenye kiungo hicho ataitwa kwa jina. Karakana kwetu tulipapasa viungo kwa vidole na kuapa kwa Mungu kwamba ni vikavu!

Siku ya nne tulifungua jicho jipya la chemchemi lililokuwa limezibwa na mawe. Mimi ndiye niliyeondoa jiwe la mwisho. Maji yakaja ya tope, yakatulia, yakawa meupe. Nikachukua kata, nikachota, nikamwaga ya kwanza chini kwa kushoto, kama nilivyozoea tangu utoto, nikachota tena, nikanywa. Bibi alikuwa amekaa juu ya mwamba ananitazama. Kesho yake akasema leta karatasi yako.

Nikaandika, akatia kidole.

Mwezi na nusu niliweka bomba. Kila kiungo nimekizungushia katani na rangi nyekundu, nikakikaza kwa nguvu zangu zote. Siku ya ukaguzi Bwana Pima alifika alfajiri na saa yake mkononi. Alikuta chini ya kila kiungo nimenyunyiza majivu. Akauliza ni ya nini, nikamweleza. Akatembea njia yote, kiungo kwa kiungo, ameinama na mikono nyuma. Adhuhuri akarudi akatembea tena. Majivu yalikuwa makavu kutoka mlimani hadi uani. Yule mtu asiyecheka akacheka, akaniuliza ufundi huu wa majivu nimeupata wapi. Nikamwambia karakana, Dar es Salaam.

Alikwenda zake, na siku ya tatu vyeti viwili vikaja, vyote na muhuri wa tai. Bi Dolat alifungua bilula kwa mkono wake. Hakunywa. Alilia kwanza, kisha akacheka magoti yake mwenyewe, akayaambia kwamba yamechelewa kuharibika.

Sasa mama, tumefika. Kibwana, polepole.

Bibi wa Maji aliponiuliza mimi ni wa nani, nilijua anauliza nini. Mlimani mtu ni wa mama yake. Anayeulizwa hivyo hutaja lukolo la mama, yaani ukoo, ndipo ajulikane aketi wapi. Na mimi nalijua la kwako, ulinitajia nikiwa mdogo, kwa sauti ndogo, umeniinamisha kichwa unaniogesha. Nilimjibu kwamba mimi ni mwana wa Maneno, mtu wa Bagamoyo. Akasema hilo amekwisha kulisikia, anataka kujua mama. Nikasema mama naye ni mtu wa pwani. Akauliza mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayemshikia mwingine mlango apite. Nikasema, mama, kwamba sina mtu mlimani.

Nilikukana. Sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa nimezoea tu. Tangu pale Bagamoyo watoto walipoiga usemi wako dukani nami nikacheka pamoja nao, wewe ukiwa umesimama pale na kikapu, ukajifanya husikii. Na karakana waliposema watu wa milimani hawajui kitu, nikawa wa kwanza kuitikia. Nimeona haya kwa ajili yako miaka mingi, na leo haya hiyo imenirudia mimi, na ni stahili yangu.

Lakini halijaisha. Siku ya karatasi Bibi alisema, mimi niandike. Maneno yake yalikuwa haya: "Maji haya anapewa mtoto wa Mwajuma, wa Wamwenda, amwagaye kwa mkono wa kushoto." Kalamu ikasimama. Nilikuwa sijamtajia jina lako wala la lukolo lako, mama. Naye alikuwa anatazama mbali, kule mji unakoonekana. Nami nikafikiri boma wananijua ni wa pwani, cheti changu kitaandikwa nini, mafundi watasema nini. Nikaandika kwamba maji amepewa Bi Dolat wa Morogoro, kwa mkono wa fundi wake Yunusi bin Maneno wa Bagamoyo. Bibi akaniambia nimsomee. Nikamsomea maneno yake, yale aliyoyasema, si yale niliyoyaandika. Nilimsomea vizuri kabisa, bila kukwama. Akatia kidole chake juu ya uongo wangu.

Kwa mwanamke asiyejua kusoma, mama. Kama wewe.

Ningenyamaza mpaka leo. Aliyelifumbua ni Bi Dolat. Baada ya kupata maji alikodi punda, akapanda mlimani na kopo la samli na doti ya kanga kwenda kushukuru, jambo ambalo hakuna sheria ya boma inayolidai. Wale wanawake wawili wakakaa siku nzima. Bibi akamwambia kwamba shukrani asimpe yeye, ampe mtoto wao wa Kimwenda, imo katika karatasi. Bi Dolat aliporudi akaniomba nimwonyeshe mstari huo. Herufi za Kizungu hazijui, lakini uso wa mtu anaujua. Nilitafuta mstari muda mrefu sana kwa mtu aliyeuandika mwenyewe.

Nikamwambia yote. Hakunikaripia. Alisema kwamba amekaa mlangoni kwa karani Jumanne kumi na nne ili apate karatasi isiyo na kosa, na kwamba anajua njia ya huko, anaweza kukaa ya kumi na tano. Kisha akainuka, akaenda uani, akafunga bilula, akaizungushia kitambaa na kukifunga fundo. Akamtuma mtu akanunue maji kwa wachota maji kama zamani. Mpaka leo napita pale nakiona kitambaa kile. Kingekuwa kibao cha usoni kingeuma kidogo.

Jumanne iliyofuata tulikwenda pamoja, nimembebea kigoda. Nikaweka vyeti vyote viwili mezani kwa Bwana Pima nikasema karatasi ya ridhaa si kweli, na majivu sikufundishwa karakana. Akawa mwekundu. Akasema kwa sheria angeng'oa bomba siku hiyo hiyo. Kisha akamtazama Bi Dolat aliyekaa pale kwenye kigoda chake, hana haraka ya kwenda popote, akashusha pumzi. Cheti cha Bi Dolat akakiweka kando. Cha kwangu akakifungia ndani ya meza. Ametupa siku arobaini kuleta ridhaa ya kweli, la sivyo bomba linatoka na jina langu halitaandikwa tena katika mji huu.

Nikapanda mlimani peke yangu, bila sanduku. Nilipiga magoti nikakiri. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alijua. Akasema alipotamka maneno machache kalamu ilikwenda safari ndefu, na hakuna mtu anayehitaji kusoma ili kuona hilo. Nikamwuliza mbona alitia kidole. Akasema karatasi ni ya boma, lakini maji yalikwisha kuwa yangu siku niliyomwaga. Watu wote wa ukoo humwaga ya kwanza kwa wenyewe, yaani wenye maji, kwa mkono wa kulia. Mmoja tu alimwaga kwa kushoto. Huyo Bibi alimfundisha yeye mwenyewe, akampiga kofi mkono ule, akampiga tena, na mtoto hakuacha, mpaka akakua, akaolewa na mchuuzi wa pwani, akashuka mlima asirudi. Akasema aliponiona nachota, alisahau kwamba ni mimi.

Ndipo akanitajia jina lake, maana mpaka hapo kwangu alikuwa Bibi wa Maji tu. Ni Chausiku, mama. Ni dada yako.

Amesema kidole cha pili hakitoi kwangu wala kwa boma. Atakitoa siku utakaposimama wewe mbele ya chemchemi, uchote, umwage. Amesema magoti yake nayo si ya kushuka Bagamoyo, na kwamba umekawia vya kutosha. Nilipomwuliza nikuandikie nini, akafikiri, akasema nikwambie mkono ule hatakupiga tena.

Basi mama, njoo. Sikuiti kwa ajili ya cheti, ingawa nakitaka, sitakudanganya tena kwa lolote. Nakuita kwa sababu nimeona kazi ya watu wako, na tangu nizaliwe sijaona ufundi unaonitia fahari kama ule, na ulikuwa ndani ya nyumba yetu wakati wote, katika ule mwanzi ulioupasua mwenyewe ukatega maji ya paa, nami nikawa naona haya wageni wasiuone. Ulipomwaga kata ya kwanza nilikuuliza ya nini, ukasema ya wenyewe. Nilidhani ni mazoea tu ya kwenu. Sasa nimewaona wenyewe.

Kibwana, mlete. Shukeni mpaka Dar es Salaam, mpande gari moshi la asubuhi, nami nitakuwa stesheni tangu alfajiri hata kama halijaondoka huko. Siku zilizobaki ni ishirini na tisa. Bi Dolat anasema mtafikia kwake, na kwamba bilula haifungui mpaka mgeni afike. Punda wa kumpandisha mama amekwisha kumkodi.

Sanduku langu nimelikwangua rangi. Sijaandika kitu bado.

Nisamehe, mama, kama moyo wako utaweza, na kama hautaweza leo, nitangoja. Bi Dolat amenifundisha kungoja. Salamu kwa shangazi na wote wa nyumbani. Dada yako anakusalimu sana sana.

Ni mimi mwanao,

Yunusi bin Maneno,
mtoto wa Mwajuma, wa Wamwenda.